Mao Asada na ukaidi wa akseli

Swali: «Shikamoo mwalimu. Nimeona video ya Mao Asada, yule Mjapani wa kuteleza kwenye barafu, akilia katikati ya uwanja huko Sochi mwaka 2014. Nilipotafuta matokeo nikakuta alikuwa wa sita. Kisha nikasoma kwamba Japani nzima ililia naye, na kwamba angeacha ule mruko wake mgumu angepata dhahabu kwa njia nyepesi, ila alikataa. Baba aliitazama na mimi, akasema: mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Je, ni kweli alijikosesha mwenyewe? Na kwa nini wanampenda kuliko hata waliomshinda?»

Marahaba, binti. Mpe baba salamu zangu. Methali yake nimeipokea, ila nitamrudishia kabla hatujaagana.

Tuanze na hiyo video, maana wengi huiona bila kujua kilichotokea jana yake. Mchezo huu una sehemu mbili, programu fupi na programu ndefu, na alama za siku zote mbili hujumlishwa. Tarehe 19 Februari 2014, siku ya programu fupi, Asada alianguka kwenye mruko wake wa kwanza kabisa. Baadaye, mahali alipotakiwa aunganishe miruko miwili, ukatoka mmoja peke yake. Akapewa 55.51, nafasi ya 16 kati ya wasichana 30. Aliyeongoza, Yuna Kim wa Korea Kusini, alikuwa na 74.92. Tofauti hiyo ya pointi 19 na ushee haifukiwi kwa usiku mmoja, na yeye alilijua hilo kuliko sisi.

Kesho yake aliitwa mapema, kabla vinara hawajaingia, maana wa nyuma ndio hutangulia kuteleza. Japani ilikuwa imeshapita saa sita ya usiku na watu hawajalala. Gauni la buluu, muziki ni konseto ya piano namba 2 ya Rachmaninoff. Mruko wa kwanza ni uleule uliomwangusha jana. Itazame tena sehemu hiyo polepole: anakuja kinyumenyume, anageuka, anaukanyaga mguu wa kushoto akitazama mbele, goti linazama, mguu wa kulia unapanda kama mtu anayeruka ngazi mbili kwa mpigo, halafu hayupo. Anarudi chini kwa mguu wa kulia, anateleza kinyumenyume, mikono imefunguka. Baada ya hapo yakaja mengine yote: miruko minane ya mizunguko mitatu, ya aina zote sita zilizopo. Muziki ulipokata akainua uso juu, kidevu kikatetemeka, machozi yakamtoka. Kisha akajilazimisha kutabasamu, akainamia watazamaji.

Alama 142.71, kubwa kuliko alizowahi kupata kwenye programu ndefu. Usiku ule ilikuwa ya tatu kwa ubora: Carolina Kostner wa Italia, aliyeondoka na shaba, alipata 142.61 kwa programu ndefu. Jumla ya Asada ikawa 198.22, akapanda kutoka wa 16 hadi wa 6. Ndiyo hiyo nafasi ya sita uliyoikuta kwenye orodha.

Sasa huo mruko. Unaitwa akseli, na mtu wa gereji asinielewe vibaya: jina limetokana na Axel Paulsen, Mnorwe aliyeuruka Vienna mwaka 1882. Katika aina sita za miruko ya mchezo huu, tano huanza mtu akiwa anarudi nyuma. Akseli pekee huanza mtu akiwa anakwenda mbele, na kwa kuwa wote hutua kinyumenyume, yeye hulazimika kuongeza nusu mzunguko. Kwa hiyo «akseli ya tatu» ni mizunguko mitatu na nusu, yote ndani ya muda usiofika sekunde moja. Na kuna jambo ambalo hesabu hailionyeshi: kwenye miruko mingine unaondoka umeipa kisogo hatari. Kwenye akseli unaiona.

Wanaume wanairuka bila kelele. Kwa wanawake, wakati ule, walioiweza ulikuwa unawahesabu kwa vidole. Wa kwanza kuitua kwenye mashindano alikuwa Midori Ito, mwaka 1988. Mwaka uliofuata, mjini Paris, akawa bingwa wa dunia, wa kwanza kutoka Asia. Na Olimpiki ya Albertville 1992, alipoanguka kwenye akseli yake katika programu ndefu, aliijaribu tena karibu na mwisho, wakati miguu imeshachoka, akaitua. Akachukua fedha.

Ito ni mtu wa Nagoya. Asada naye ni mtu wa Nagoya, kazaliwa 25 Septemba 1990. Kwetu Nagoya tunaijua kwa magari ya mtumba yanayopakiwa bandarini kule, na kwa Toyota iliyo jirani yake. Mimi niliishi huko miaka michache kwa masomo, na ukinishusha leo nitakupeleka kwanza Osu, mtaa wa maduka na hekalu, wenye ukumbi wa barafu usioonekana wa ajabu hata kidogo. Watoto wanaingia na mabegi ya shule, wazazi wanakaa pembeni wamejifunika blanketi. Humo ndimo walimokulia wengi wa watelezaji wakubwa wa Japani. Kocha Machiko Yamada, aliyemlea Ito, ndiye aliyempokea Asada mtoto. Msichana huyo alianza akiwa na miaka mitano, pamoja na dada yake Mai. Kwa hiyo baba akisema ukaidi, nami namwuliza: ukaidi wa nani? Katika ukumbi ule akseli haikuwa kiburi cha mtu mmoja. Ilikuwa mila ya nyumbani, kama vile watoto wa Kizimkazi wanavyojua kuogelea kabla hawajajua kusoma.

Akiwa na miaka 15 tu, Desemba 2005, alishinda fainali ya Grand Prix, mfululizo wa mashindano makubwa ya kila msimu, mjini Tokyo mbele ya Irina Slutskaya, bingwa wa dunia wa wakati huo. Olimpiki ya Torino ilikuwa miezi miwili mbele. Hakwenda. Sheria ilitaka mtu awe ametimiza miaka 15 kabla ya tarehe 1 Julai 2005, yeye akazidiwa na kalenda kwa siku 87. Japani ilinuna, mwenyewe hakununa. Dhahabu ya Torino ilikwenda kwa Mjapani mwingine, Shizuka Arakawa. Siku hizi, tangu sakata la dawa za kuongeza nguvu la msichana Mrusi wa miaka 15 kwenye Olimpiki ya Beijing 2022, umri wa chini umepandishwa hadi 17, na binafsi naona ni haki. Lakini kila sheria hiyo inapotajwa mimi humkumbuka msichana huyu.

Nifike kwenye dhahabu ya «njia nyepesi». Hapo ndipo ninapoachana na uliyoyasoma.

Vancouver 2010, Asada alitua akseli tatu za tatu katika shindano moja, moja kwenye programu fupi na mbili kwenye ndefu. Kabla yake hakuna mwanamke aliyekuwa amefanya hivyo, na Guinness wakaandika. Akapata 205.50. Yuna Kim, aliyemzidi umri kwa siku 20 tu, akapata 228.56 bila akseli ya tatu hata moja. Watu wanatazama hapo wanasema: si unaona, akseli haikumsaidia. Mimi naona kingine. Pengo la pointi 23 halikutokana na akseli, ambazo zote zilitua. Lilitokana na kwamba Kim hakukosea chochote, na miruko yake ya kawaida ilikuwa mirefu, safi, yenye kasi, na majaji wakailipa. Asada alikosea kwenye miruko iliyokuwa rahisi kuliko akseli. Ungemwondolea akseli zake siku ile, pengo lingeongezeka.

Tatizo lake lilikuwa chini, kwenye chuma. Ukikishika kiatu cha barafu na kukigeuza utaona chuma kile hakina ncha moja kama kisu. Katikati kina mfereji mwembamba, na pande mbili zake ni makali mawili, ya nje na ya ndani. Kila mruko una makali yake ya kuondokea. Mruko uitwao lutsi ni wa makali ya nje, na Asada alikuwa na tabia ya kuegemea ndani sekunde ya mwisho. Ni kosa dogo kwa macho, ila mwamuzi wa ufundi ana video ya mwendo wa polepole na haangalii gauni. Mruko mwingine, salkau, ambao kwa wengi ni miongoni mwa mirahisi, yeye alikuwa akiukwepa. Yaani alikuwa na ghorofa ya kumi kabla hajamaliza ya pili.

Na hapa, binti, ndipo penye jibu la swali lako. Akiwa na miaka 19, medali ya fedha ya Olimpiki shingoni, bingwa wa dunia kwa mara ya pili (alishinda Torino Machi 2010, na kabla yake Gothenburg 2008), alikwenda kwa mzee Nobuo Sato. Sato alikuwa bingwa wa Japani mara kumi enzi zake, na bintiye Yuka alikuwa bingwa wa dunia 1994. Asada akakubali abomolewe na kujengwa upya. Miruko yote, na hata mtelezo wenyewe wa kawaida, ule wa kusukuma mguu na kwenda. Bingwa wa dunia anarudishwa kwenye somo la watoto wa Osu.

Matokeo yalikuwa mabaya, na hadharani. Vuli ya 2010, kwenye NHK Trophy, mashindano ya nyumbani kabisa, akawa wa nane. Paris akawa wa tano. Mashindano ya dunia ya 2011, yaliyohamishiwa Moscow baada ya tetemeko la Japani, akawa wa sita, na mwaka uliofuata huko Nice akawa wa sita tena. Mkaidi hafanyi hivyo. Mkaidi angeng'ang'ania kile kilichompa fedha, akasubiri Korea iteleze. Huyu alikubali aonekane ameisha ili awe sawasawa miaka mitatu baadaye.

Desemba 2011, katikati ya ujenzi huo, alikuwa Quebec kwa fainali ya Grand Prix akapigiwa simu kwamba mama amezidiwa. Akajitoa, akapanda ndege, hakumkuta hai. Mama huyo alikuwa nguzo ya kila kitu, kuanzia mazoezi mpaka mavazi. Wiki mbili baadaye Asada akaingia kwenye ubingwa wa taifa akashinda. Sitaki kuipamba habari hii. Naitaja kwa sababu Wajapani waliomtazama Sochi walikuwa wanayajua yote haya, na wewe umeiona video peke yake.

Baba ana hoja moja ya kweli, nimpe haki yake. Wakati wa ujenzi, Sato alimpunguzia akseli ya tatu, na kwa muda mrefu Asada aliweka akseli ya mizunguko miwili badala yake. Desemba 2012 alishinda fainali ya Grand Prix bila huo mruko, tena ndani ya Sochi hiyohiyo, ukumbi uleule alikokuja kuanguka miezi 14 baadaye. Kwa hiyo njia nyepesi ilikuwepo na aliijua. Lakini alama zake siku ile hazikufika 200. Sotnikova wa Urusi alichukua dhahabu ya Olimpiki kwa 224.59. Njia nyepesi ingemfikisha mahali, ila si pale baba anapodhani.

Na hesabu yenyewe haiko kama inavyosimuliwa. Msimu ule akseli ya tatu ilikuwa na thamani ya msingi 8.5, ile ya mizunguko miwili 3.3. Aliyekamilisha mizunguko yote angani halafu akaanguka alikatwa pointi tatu za ubora na moja ya kuanguka, akabaki na 4.5, bado zaidi ya ile nyepesi. Kinachoua ni kutokamilisha mizunguko, maana hapo hata msingi unakatwa, na kuna pumzi na moyo unaoachwa pale sakafuni. Waswahili husema kuteleza si kuanguka. Kwenye mchezo huu hilo si methali, ni kanuni ya kutoa alama.

Alizoea pia kuanguka na kuendelea. Gothenburg 2008, programu ndefu, alikwenda kwenye akseli makali yakamponyoka hata kabla hajaruka, akateleza kwa ubavu barafuni kama gunia, mruko wake ukahesabiwa sifuri. Akainuka, akafanya vyote vilivyobaki, akawa bingwa wa dunia kwa tofauti isiyofika pointi moja dhidi ya Kostner. Angekuwa mtu wa kuvunjika, angevunjika siku ile.

Sasa kuhusu kupendwa. Kwanza walimjua mtoto. Televisheni ilimwonyesha tangu hajafika miaka kumi na mitano, na taifa zima likamwita Mao-chan, kiambishi cha jina la mtoto, kama sisi tunavyosema «mwanetu». Aliendelea kuitwa hivyo mpaka utu uzima. Mwanao akianguka humwulizi amekuwa wa ngapi.

Pili, hajawahi kumsema mtu. Kwa miaka karibu kumi waandishi wa nchi mbili walimchokoza amtupie Kim neno, hawakupata. Siku ileile aliyokuwa anajiandaa na programu ndefu ya Sochi, waziri mkuu wa zamani, Yoshiro Mori, alisimama jukwaani Japani akasema kwamba msichana huyu kila penye jambo kubwa lazima aanguke. Watu walimjia juu Mori siyo mchezo. Asada aliporudi na kuulizwa Tokyo, mbele ya waandishi wa kigeni, alisema kwa upole kwamba binadamu hukosea, hata yeye hakukosea kwa kupenda, na kwamba labda sasa mzee Mori anajuta kidogo. Ukumbi ukacheka. Mimi nilicheka pia, maana jibu hilo lina sukari juu na pilipili chini.

Halafu ikaja Idi ya baba. Machi 2014, wiki tano tu baada ya Sochi, mashindano ya dunia yalifanyika Saitama. Programu fupi ileile iliyompa 55.51, muziki uleule wa Chopin, akseli ileile mwanzoni. Safari hii akaitua, akapata 78.66, rekodi ya dunia ya wakati huo. Akamaliza na 216.69, bingwa wa dunia mara ya tatu. Nilikaa na kalamu usiku ule, nikaichukua 78.66 ya Saitama nikaijumlisha na 142.71 ya Sochi: 221.37, juu ya Yuna Kim aliyechukua fedha ya Olimpiki kwa 219.11. Majaji ni tofauti na siku ni tofauti, najua, hesabu hiyo haina mahakama ya kuipokea. Lakini mwambie baba kwamba mruko huohuo mmoja ndio uliomtoa na ndio uliomrudisha, na mkaidi wake Idi alifaidi.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Alipumzika msimu mmoja, akarudi 2015, akashinda Cup of China. Goti likaanza kumsumbua, na wasichana wadogo wakawa wengi na wepesi. Desemba 2016, kwenye ubingwa wa taifa aliowahi kuuchukua mara sita, akawa wa 12, na akseli aliiingiza hata hapo. Aprili 2017 akatangaza kustaafu. Mwisho wa mwaka huohuo alikimbia marathoni ya Honolulu, kilomita 42 na ushee, chini ya saa tano, sijui kwa miguu gani. Kuanzia 2018 akazunguka Japani na onyesho lake la kuwashukuru watu, na mwaka 2024 ukumbi wa barafu wenye jina lake ukafunguliwa Tachikawa, magharibi mwa Tokyo.

Siku ya kustaafu alivaa koti jeupe, akajibu maswali ya waandishi kwa karibu saa nzima. Machozi yalipomjia aliwapa mgongo, akajifuta, akageuka tena ana tabasamu. Akaulizwa kama angezaliwa upya angeteleza tena. Akasema hapana, anapenda kula, pengine angefungua duka la keki. Mwingine akamtaka aiambie neno akseli ya tatu, rafiki yake wa miaka yote. Alifikiri, akacheka, akasema angeiuliza: kwa nini hukuniacha nikuruke kwa urahisi zaidi?

Itafute programu fupi ya Saitama, umketishe baba pembeni yako. Usiangalie mikono wala gauni, mwonyeshe goti la kushoto linapozama.